Dunia Inavyovuta Muthara

Jumatatu, 3 Februari

Madaftari kumi na moja ya Kidato cha Tatu. Kumi yana 9.8. La kumi na moja, la Kendi, lina 9.6. Nimetia tiki kumi, na kwa Kendi nimeandika "Rudia". Chai imeingia nzi.

Jaribio ni lile lile la kila mwaka. Ning'iniza uzito kwenye uzi, uache ubembee, pima muda, piga hesabu upate g, yaani jinsi dunia inavyokivuta kitu kinachoanguka. Kitabu kinasema 9.81. Wasichana wanalijua jibu kabla hawajafunga uzi, kwa hivyo wanalipata. Hilo tunaliita kupika. Mimi mwenyewe nilipika nikiwa shuleni Embu, nikapika chuoni, na sasa nasahihisha mapishi ya wengine.

Saa kumi Mwalimu Mkuu aliniita. Wasichana kumi na mmoja tu ndio wanaosoma fizikia, na chumba ni kikubwa. Bodi inakutana tarehe nane Machi. Anataka chumba kipewe somo la kilimo. "Nionyeshe kitu, Madam Wanja," akasema. Kitu chenyewe ni mashindano ya sayansi ya tarehe ishirini na nane. Tukifika ngazi ya kaunti, atakuwa na la kuwaambia. Tusipofika, fizikia inafungwa. Mimi nimeajiriwa na Bodi, si na serikali. Ikifungwa, nami nafungasha.

Nimekasirika. Zaidi kwa sababu hoja yake ina maana.

Jumatano, 5 Februari

Kendi amerudia mara tatu. 9.6, 9.5, 9.6. Alikuja ofisini na daftari kifuani.

"Madam, imekataa. Nipike?"

Nikamkemea. Akaniangalia tu. Anajua kwamba najua.

Nikaenda kuona mwenyewe. Uzi wa shule uliisha muhula uliopita, na kila msichana alileta wake. Kendi alileta uzi wa mgomba. Mama yake hufunga miraa Laare, na yeye humsaidia kila Jumamosi, kwa hivyo alifanya kama anavyofanya huko: akaulowesha ili usikatike, akaunyoosha mezani, akaupima, akafunga. Hakuna mtu Laare anayefunga uzi mkavu. Lakini uzi mbichi ukining'inizwa jiwe unavutika. Aliandika mita moja. Nilipoupima ukiwa na mzigo, ulikuwa mita moja na sentimita mbili. Hapo ndipo 9.6 ilipotoka.

Wale wengine kumi hawakukosea popote, kwa sababu hawakupima. Huyu mmoja alipima kweli, na makosa yake yakaonekana mpaka nikayafuata na kuyakamata. Nimefuta "Rudia". Sikujua niandike nini badala yake. Nimeandika "Asante". Atafikiri nimechanganyikiwa.

Tutaenda mashindanoni na pendulamu. Kendi na rafiki yake Makena.

Jumamosi, 8 Februari

Nilileta rula nne za mita nyumbani. Mutwiri, mume wangu, ni fundi wa mawe. Alizilaza kando kando akacheka hadi akakaa chini. Hakuna mbili zinazolingana. Ncha zimeliwa. Wasichana wanazikunia migongo.

Akaniambia fundi mwenye akili hapimi kutoka sifuri. Anaanza kwenye kumi, kisha anatoa kumi. Ncha ndiyo huharibika kwanza. Miaka kumi na minne ya ndoa na hajawahi kuniambia.

Amenipa tepu yake ya chuma na timazi lake la shaba, lile la kunyooshea ukuta. "Lirudi Jumatatu asubuhi, Mama Mwenda. Niko na kona ya kusimamisha." Badala ya uzi, fundi wa bodaboda hapa Muthara alinipa kebo ya klachi iliyochakaa. Tulichomoa waya mmoja. Mwembamba, na hauvutiki.

Sijui katikati ya timazi ni wapi, lina umbo la karoti. Nimekaa nalo mapajani jioni nzima. Dawa: tupime kwa waya mrefu, halafu tuufupishe mita mbili kamili, tupime tena. Tukitumia tofauti tu, katikati ya timazi haina kazi tena. Nimefurahi kama mtoto.

Jumanne, 11 Februari

Mutwiri amesimamisha kona yake jana na timazi limerudi kwangu. Mwinjilisti ametupa ufunguo wa kanisa. Boli la paa liko juu sana, waya unaning'inia mita tatu na zaidi. Mibembeo mia moja inachukua dakika sita. Ukikohoa unapoteza hesabu. Makena huhesabu kwa Kimeru, anasema Kiswahili kinamtoroka kwenye themanini.

Kwanza 9.70. Halafu 9.86. Halafu akina mama wa kwaya wakafungua milango yote miwili na upepo ukaingia.

Ugomvi. Kendi anasema Makena anachelewa kubonyeza saa. Makena anasema Kendi ana haraka ya ndoa. Nikawafanya wapime mbembeo ule ule, kila mmoja na simu yake, mimi na Mutwiri, aliyekuja kulichungulia timazi lake, tukatoa simu zetu. Kweli: mmoja huwahi, mwingine huchelewa, na hata mmoja peke yake hafanani na nafsi yake. Karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. Makena alinuna. Nikamwambia hilo si kosa la tabia, ni ukubwa wa mkono wetu, na lazima tuliandike. Nilisema kwa sauti ya mtu anayelijua jambo hili siku nyingi. Nililisoma chuoni, nikalifaulu, sikuwahi kulifanya.

Jumamosi, 15 Februari

Siku nzima kanisani. Vipimo kumi vya waya mrefu, kumi vya waya mfupi. Milango imefungwa. Kendi alileta githeri ya chakula cha mchana.

Jibu: 9.77. Kuongeza au kupunguza 0.02.

Makena hakuipenda hiyo ya kuongeza na kupunguza. Anaona ni kama kuomba msamaha. Nilieleza mara mbili, vibaya. Kendi ndiye aliyeeleza. Akasema, "Ni kama cucu. Ukimuuliza alizaliwa mwaka gani, hajui. Lakini anakuambia ni baada ya nzige na kabla ya barabara. Huwezi mdanganya eti alizaliwa mbele ya nzige."

Makena akaiandika 0.02 daftarini. Mimi pia. Nyanya yake amenishinda kwa kufundisha.

Basi ndivyo ilivyo. Hatujui namba kamili na hatutaijua. Lakini tunajua haiko chini ya 9.75 wala juu ya 9.79, isipokuwa kama kuna kitu tumekisahau kabisa.

Na 9.81 iko nje. Nimeona hilo tulipokuwa tukifunga mlango. Nikazungusha ufunguo.

Jumatatu, 17 Februari

Nimetafuta tulichosahau. Tepu: Mutwiri ameilinganisha na ya fundi mwenzake, sawa. Waya: hauvutiki hata ukucha. Boli: haliyumbi, nilipanda ngazi mwenyewe na sketi, Mwinjilisti akaangalia pembeni. Simu: nne, zinakubaliana kwa saa nzima. Kubembea kwa upana: tulibembeza kidogo tu.

Hakuna kitu.

Jumatano, 19 Februari

Siku mbaya.

Bango liko tayari, kubwa, safi, mwandiko wa Makena. Mwalimu Mkuu alikuja kuliona, na Bwana Mwiti wa hesabu nyuma yake.

"Mbona si 9.81?"

Nikaeleza. Nilijisikia nikieleza kama mwanafunzi aliyechelewa. Bwana Mwiti akasema kwa upole, na upole wake ndio uliniumiza, "Madam, namba inajulikana dunia nzima. Rekebisha tu. Jaji ataona kosa, mrudi nyumbani saa nne." Mwalimu Mkuu akasema hawezi kwenda kwa Bodi na kosa.

Walipotoka nikawaambia wasichana waandike 9.81.

Nimeandika sentensi hiyo juu ili niione. Nikawaambia waandike 9.81. Makena akauliza na ile 0.02 tuifanyeje. Nikasema iondoeni. Kendi alichukua karatasi na mkasi.

Nina watoto wawili shuleni na kazi isiyo na barua. Hiyo ndiyo sababu yangu, na nikiisoma hapa naona ni sababu ya kutosha, na bado naona aibu.

Ijumaa, 21 Februari

Sijaingia kwenye maabara. Nimewapa Kidato cha Tatu zoezi la kitabuni. Kendi alijibu kila swali vizuri na hakuinua macho.

Jumapili, 23 Februari

Kanisani sikusikia mahubiri. Niliangalia boli.

Baada ya chakula nilifungua kitabu cha Kidato cha Tatu, kile nilichokifundisha kwa miaka sita. Nilikuwa natafuta kitu kingine. Kuna aya fupi chini ya jedwali: thamani ya g hubadilika kidogo kutoka mahali hadi mahali. Ninaijua kwa moyo. Huwaambia wasichana waipigie mstari, kisha tunaendelea.

Miaka sita na sikuwahi kufikiri kwamba mahali ni hapa.

Kila nikienda kwa Mama, kule Runyenjes, napita kile kibao cha ikweta, kabla ya kufika Nkubu. Watalii husimama pale kupiga picha. Mimi huangalia simu. Dunia imenenepa katikati, na sisi tuko kwenye hicho kiuno. Tuko mbali zaidi na moyo wake kuliko watu walioandika kitabu. Inatuzungusha kwa kasi zaidi. Tena tuko mlimani. Kila moja ya hizo inapunguza mvuto kidogo. Nilifukua daftari la chuo kwenye sanduku, kanuni ipo, na panya wameacha sehemu ya kutosha. Nikaweka latitudo ya Muthara, nikaweka urefu wetu juu ya usawa wa bahari.

9.78, kasoro kidogo sana.

Nikarudia. Nikampa Mwenda, mwanangu wa darasa la nane, abonyeze kikokotoo ili isiwe mkono wangu. Hivyo hivyo.

Nimelia. Mutwiri alikuja mbio akidhani kuna msiba. Nikamwambia timazi lako limeipima dunia. Akauliza kama limeharibika.

Lile 0.02 ndilo lililotuokoa. Bila hilo 9.77 ingekuwa tu 9.81 iliyokosewa, kama alivyosema Bwana Mwiti. Ni kwa sababu tulijua ukubwa wa shaka yetu ndiyo maana tunaweza kusema, kwa heshima, kwamba ile ya kitabu si ya hapa. Na mimi nililiondoa kwa mdomo wangu.

Jumatatu, 24 Februari

Nimewaomba msamaha. Darasani, mbele ya wote kumi na mmoja. Niliwaambia nilipika, kwamba nimepika tangu niko na umri wao, na kwamba wao kumi pia wamepika na nikawapa tiki. Mmoja nyuma akasema, "Madam, ata sisi tulikuwa tunajua." Wakacheka. Nikacheka. Nilistahili.

Nikawaambia Kendi na Makena tuandike bango upya. Kendi akaenda kwenye bango, akashika kona ya ile karatasi ya 9.81, akaibandua kwa mvuto mmoja. Chini yake 9.77 nzima, na 0.02 yake. Alibandika kwa uji wa unga, juu juu tu.

"Nilijua utarudi," akasema.

Sikujua nilikuwa naaminiwa hivyo. Nilitoka nje kidogo.

Mwalimu Mkuu nimemwambia. Alisoma hesabu yangu yote, akanirudishia karatasi. "Ni juu yako, Madam. Tarehe nane iko pale pale."

Ijumaa, 28 Februari

Mashindano. Ukumbi umejaa, joto, vipaza sauti vinalia. Walimu hatukuruhusiwa kukaribia. Nilisimama nyuma ya nguzo.

Majaji wawili. Kijana mmoja mwenye tai aliangalia bango sekunde tano.

"Thamani sahihi ni 9.81. Hii error mmeitoa wapi?"

Makena akafunga mdomo. Kendi akasogea mbele. "Sir, si error. Hiyo 9.81 si ya huku. Huku kwetu dunia inavuta kidogo. Na tumejaribu sana tuone kama ni sisi." Akamwonyesha orodha ya vyote tulivyovikagua, kuanzia tepu mpaka boli, na kando ya kila kimoja ukubwa wa kosa ambalo kinaweza kulileta. Akamweleza na uzi wa mgomba. Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Jaji wa pili, mzee mwenye miwani, aliisoma orodha ile kutoka juu hadi chini kwa kidole, kisha akaisoma tena. Akaandika kwa muda mrefu.

Tumekuwa wa tatu. Wanaoenda kaunti ni wawili.

Makena alilia mpaka kwikwi. Kendi alikunja waya kwa uangalifu. Nikawanunulia soda. Nimechoka, nina huzuni, na siogopi. Sielewi ni kwa nini siogopi.

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu Mkuu amesikia. Hakusema "nilikuambia". Alisema Bodi ni Jumamosi, na kwamba Kidato cha Pili watajaza fomu za kuchagua masomo Jumatano. Ilikuwa ni kama kunisomea hukumu.

Kendi na Makena wameomba ukumbi kesho saa ya michezo. Hawakuniambia ni kwa nini. Nimesaini.

Jumanne, 4 Machi

Lazima niandike hii kabla sijalala kwenye kiti.

Waliwaleta Kidato cha Pili wote. Waya kwenye boriti ya ukumbi, timazi chini, Mutwiri hana habari liko wapi. Kila msichana anapima mibembeo kumi, anapata namba yake, anaiandika kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ukutani, juu ya mstari wa namba. Basi. Hakuna sahihi, hakuna kosa.

Ile foleni! Kelele! Karatasi za kwanza zilitawanyika ovyo. Kufikia ya ishirini zikaanza kurundikana katikati. Kufikia ya hamsini kulikuwa na kichuguu ukutani, kilele chake karibu na 9.8, miteremko pande zote mbili. Hakuna aliyekipanga. Wasichana walikuwa wanarudi nyuma ili wakione, halafu wanasogea kutafuta karatasi zao.

Mwalimu Mkuu alikuja kwa sababu ya kelele. Wakamsukuma mbele. Akapima. Namba yake ikaangukia mbali kabisa, peke yake, pembeni kule. Akasema, "Ngoja nirudie."

Makena, huyu Makena aliyekosa neno Ijumaa, akamwambia Mwalimu Mkuu: "Hapana, Madam. Hairudiwi. Inawekwa tu."

Mwalimu Mkuu akaangalia karatasi yake, akaangalia Makena, akainama akaibandika mahali pake, peke yake. Wakapiga makofi. Alicheka pia, nusu, kama mtu aliyekanyagwa mguu kanisani. Akabaki pale akiangalia ukuta hata baada ya kengele.

Jumatano, 5 Machi

Fomu zimejazwa. Ziko ofisini, zimefungiwa. Sijui wangapi. Sitauliza.

Ijumaa, 7 Machi

Bodi ni kesho asubuhi. Siwezi kukaa hapa nikihesabu mabati. Naenda kwa Mama. Nimebeba timazi. Mutwiri amesema sasa atanunua lingine la plastiki.

Jumamosi, 8 Machi, Runyenjes

Mvua ilinyesha alfajiri. Mama yuko vizuri, magoti tu. Aliniuliza nimekuja na kitu cha fundi cha nini, nikamwambia. Nilimwambia yote, hata ile siku ya tarehe kumi na tisa. Alisikiliza huku akichambua maharagwe. Akasema, "Twende tuone basi."

Tulifunga waya kwenye boriti ya stoo ya kahawa. Ni fupi, mita mbili tu. Nilishika saa, Mama akakaa kwenye gunia akahesabu kwa Kiembu, midomo tu, kichwa kikienda na timazi. Hakupita darasa la nne. Hakupoteza hata mbembeo mmoja.

Kwenye wa sitini na kitu simu ilitetemeka mfukoni. Nilijua ni nani. Mkono ulianza kujitoa. Mama hakuacha kuhesabu, alinyoosha tu kidole kimoja kunionya. Nikaiacha simu mfukoni. Mibembeo thelathini na kitu. Dakika moja na nusu, au karibu na hapo, na sijawahi kuishi dakika moja na nusu ndefu namna hiyo.

Mia. Nikabonyeza. Nikaandika. Ndipo nikasoma ujumbe wa Mwalimu Mkuu.

"Bodi imekubali mwaka mmoja zaidi, kisha wataangalia tena. Walioandika fizikia ni ishirini na tisa. Tafuta viti."

Nikamsomea Mama. Nilikuwa nimeketi sakafuni kwenye maganda ya kahawa, sikumbuki nikiketi. Alinishika kichwa kidogo. Kisha akauliza hiyo namba ya huku kwetu ni ngapi.

Tukafupisha waya, tukarudia, nikapiga hesabu juu ya gunia. 9.8, kuongeza au kupunguza 0.1. Boriti fupi, na tumepima mara moja tu. Siwezi kusema kama Runyenjes inatofautiana na Muthara.

"Na ile ya kweli kabisa?"

"Mungu ndiye anaijua, Mama. Sisi tuko karibu."

Akaona inatosha. Tukaingia ndani kuyaweka maharagwe motoni.